Anza na gurudumu la mbele: kina cha ringi na upepo wa Dar

Kila anayenunua baiskeli ya mbio na kuanza kutoka nasi alfajiri kwenda Bunju au Bagamoyo hufikia swali hili mapema: "Kaka, ninunue ringi za milimita ngapi?" Wengi wameshaona picha za mashindano ya Ulaya na wanataka 60 mbele na 60 nyuma. Jibu langu halibadiliki. Usiwaze jozi kwanza. Amua gurudumu la mbele peke yake, na uliamue kwa upepo mbaya kuliko wote utakaokutana nao. La nyuma litafuata, na huko una nafasi ya kwenda kina zaidi.

Kina cha ringi ni kimo cha ule ukuta unaoanzia kwenye tairi hadi pale spoki zinapoingia. Ringi za kawaida za alumini huwa na milimita 20 hadi 30. Za kaboni zinazouzwa kwa ajili ya kasi huwa 40, 50, 60, hata 80. Ukuta mrefu huipitisha hewa kwa utulivu zaidi, na hufupisha spoki, ambazo zikizunguka zinaichapa hewa. Faida hiyo huonekana ukiwa na kasi. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi, na nguvu ya kuushinda hupanda kwa mchemraba, kwa hiyo kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 nguvu unayoitumia dhidi ya hewa pekee inazidi maradufu.

Sasa tazama kazi ya kila gurudumu. La mbele ndilo linalokutana na hewa ambayo haijavurugwa, hivyo kila milimita unayoiongeza pale inakulipa vizuri. Lakini ndilo pia linalogeuka. Upepo wa ubavuni ukilipiga hausukumi baiskeli tu, unauzungusha usukani mikononi mwako. La nyuma limefungwa kwenye fremu, halina pa kugeukia, na ndilo linalobeba sehemu kubwa zaidi ya uzito wako. Upepo ukilisukuma, baiskeli nzima inasogea kidogo na wewe unairudisha bila shida. Hewa inayolifikia imeshapita kwenye miguu na fremu, kwa hiyo faida yake ni ndogo kuliko ya mbele, lakini gharama yake kwa usalama ni ndogo zaidi. Ndiyo maana utaona jozi za 40 kwa 50, 50 kwa 60, au 60 kwa 80, na huoni mtu mwenye akili aliyeweka kirefu mbele na kifupi nyuma. Ndiyo maana pia kwenye mbio za kushindana na saa watu hufunga sahani nzima nyuma, yaani gurudumu lililozibwa lote bila nafasi za spoki, huku mbele wakibaki na ringi yenye spoki. Kona, Hawaii, kwenye mashindano ya dunia ya Ironman (kuogelea, baiskeli na kukimbia), hata ile sahani ya nyuma ilikatazwa kwa miaka mingi kwa sababu ya upepo wa kule.

Kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi na wauzaji. Upepo wa ubavuni humjia kwa pembe kubwa zaidi anayekwenda polepole. Chukua upepo wa kilomita 15 kwa saa unaokuja moja kwa moja kutoka kando. Mwanariadha anayekwenda 45 huipokea hewa kwa pembe ya digrii 18 hivi kutoka mbele yake. Wewe unayekwenda 30 unaipokea kwa digrii 27 hivi, yaani imekugeukia ubavuni zaidi. Ukichagua gurudumu la mbele kwa kumwiga bingwa, umechagua kwa hali ambayo si yako. Na hata hao mabingwa wamewekewa mpaka: kuanzia 2026, UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, imeweka kikomo cha milimita 65 kwa ringi za mashindano ya barabarani ambayo waendeshaji huanza kwa pamoja.

Hapa Dar upepo una majira na lazima uyajue. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na mara nyingi huwa kali Juni hadi Agosti. Ukienda Bagamoyo kipindi hicho unasukumwa mgongoni kwa sehemu kubwa ya njia, unajiona umekuwa hodari, kisha unageuza na kuulipia wote kuelekea Tegeta. Huo wa mgongoni na wa usoni si tatizo kwa usukani. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, ndiyo inayokuja kutoka upande wa kulia ukiwa unaelekea Bagamoyo, na hapo ringi ndefu ya mbele inaanza kudai mikono. Juu ya hayo yote kuna upepo wa baharini wa mchana, ambao asubuhi saa kumi na mbili haupo na saa tisa alasiri umeshika. Baiskeli iliyokuwa tulivu ulipoondoka inaweza kukusumbua unaporudi.

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, ndicho kipimo ninachokiamini. Ni kama kilomita moja juu ya maji, pembeni hakuna nyumba wala mti. Ukitoka upande wa Aga Khan kwenda Coco Beach, upepo wa bahari unakujia kuliani; ukirudi unakujia kushoto. Pita pale alasiri ya Julai na utajua kina chako ndani ya dakika tano. Lakini usilifanye kuwa safari ya kwanza ya magurudumu mapya. Zoea kwanza Barabara ya Bagamoyo asubuhi, kisha Toure Drive, ambako kuta za nyumba zinakukinga halafu zinakatika ghafla na upepo unaingia kwa mkupuo. Upepo unaovuma mfululizo unazoeleka haraka. Mikupuo ndiyo hatari. Malori ya Barabara ya Morogoro yanafanya hivyo hivyo: lori likikupita linakusukuma nje, kisha linakuvuta kuelekea kwake. Kwa anayefanya mazoezi upande wa Kibaha, hii peke yake ni sababu ya kubaki na kina cha wastani mbele.

Uzito wako una sauti kubwa kuliko bei. Mtu mwepesi ana kilo chache za kuizuia baiskeli, na upepo ni uleule. Kwa barabara zetu, chini ya kilo 60 namshauri mtu 35 au 40 mbele na 45 hadi 50 nyuma. Kati ya kilo 60 na 80, mbele 40 hadi 50, nyuma 50 hadi 60. Zaidi ya hapo, kama una miaka kadhaa ya kuendesha kwenye kundi, 50 mbele na 60 nyuma ni sawa. Gurudumu la mbele la 60 au 80 simshauri mgeni yeyote wa mji huu, hata akiwa na misuli ya kutosha, kwa sababu hatari haimkuti peke yake. Akiyumba sentimita thelathini ndani ya kundi, anaangusha watu watatu.

Tazama pia umbo. Nusu ya nyuma ya gurudumu hupokea hewa kwa upande wa ndani wa ringi, pale spoki zinapoingia. Ringi za zamani zilichongoka pale kama herufi V, na upepo wa pembeni huachana na ncha hiyo ghafla, ndiyo ile mishtuko unayoisikia mikononi. Umbo la U, lenye ukingo wa ndani mnene na wa mviringo, hutulia zaidi. Ukiona ringi ya mtumba ya milimita 50 yenye V kali kwa bei nzuri, ifunge nyuma.

Tairi nalo lina neno lake. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba upana wa nje wa ringi uzidi upana wa tairi kwa angalau asilimia 5. Kwa tairi lenye upana halisi wa milimita 28, ringi iwe karibu 29.5 au zaidi. Pima tairi likiwa limejazwa, kwa sababu namba iliyoandikwa ubavuni hubadilika kulingana na ringi. Mbele ndiko kanuni hii ina maana. Nyuma weka tairi pana kadiri fremu inavyokubali, mashimo na matuta yetu yanataka hivyo. Na kama ringi zako ni zile zisizo na kingo za kuling'ang'ania tairi (hookless), kikomo cha kujaza hewa ni bari 5, yaani kama psi 72. Mwambie fundi kabla hajashika kompresa, au bora uwe na pampu yako yenye geji.

Nikiwa mkweli kwa mwenye bajeti ndogo: mwili wako ndio unaobeba karibu robo tatu ya ukinzani wote wa hewa. Kuinama vizuri na nguo zinazobana kutakupa zaidi ya tofauti ya 40 na 60. Ukiweza kununua gurudumu moja tu, nunua la nyuma lenye kina na ubaki na alumini mbele. Hakuna sheria inayotaka yafanane kwa sura.

Upepo ukikukamata, shika chini kwenye mikunjo ya usukani, legeza viwiko, weka uzito kidogo mikononi na uendelee kukanyaga. Mikono iliyokakamaa huupeleka kila mshtuko moja kwa moja kwenye tairi.

Mwisho ni chumvi. Sisi tunaendesha kando ya bahari, na alumini inayogusana na kaboni penye chumvi huliwa haraka. Ukiagiza magurudumu, omba nipeli (vile vinati vinavyoishika spoki kwenye ringi) za brasi badala ya alumini, na ziwe zinafikika kutoka nje, maana zikiwa zimefichwa ndani ya ringi fundi atalazimika kuvua tairi kila anaponyoosha gurudumu. Yaoshe kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo ufukweni. Omba na spoki za akiba. Ringi za vina tofauti zinatumia urefu tofauti, na nyuma hata upande wa cheni na upande wa pili mara nyingi hazilingani. Andika urefu wa kila upande kwenye karatasi na uihifadhi pamoja nazo. Bomba la valvu lisipungue milimita 80 kwa ringi ya 50 au 60, kwa sababu tyubu za dukani zenye valvu ya milimita 48 hazitatokeza upande wa pili, na ukipata pancha Bunju hakuna atakayekuazima.