Kuchagua marina ya kulazia boti majira ya baridi Mediterania: ya kuuliza kabla ya kulipa

Anayeanza huuliza bei kwanza. Bei si swali baya, ila liwe la tatu au la nne. La kwanza ni hili: upepo mbaya kuliko yote wa mahali hapo hutoka upande gani, na mdomo wa marina umeelekea wapi? Boti yako italala pale kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hutakuwepo.

Aliyekulia pwani yetu amezoea kusi na kaskazi, pepo zinazopokezana kwa zamu zinazojulikana. Mediterania wakati wa baridi haina zamu hizo. Upepo wa Mistral hushuka bonde la mto Rhône na kuipiga Ghuba ya Lion, kusini mwa Ufaransa, kutoka kaskazini-magharibi. Bora huporomoka ghafla kutoka milimani kwenye pwani ya Kroatia na Trieste, Italia. Scirocco hutoka Sahara upande wa kusini-mashariki na kusukuma mawimbi marefu, na Malta huogopa zaidi Gregale wa kaskazini-mashariki. Chukua ramani ya marina, chora mshale wa upepo mbaya wa mahali hapo, kisha pima kuna bahari wazi kiasi gani mbele ya mdomo. Mahali palipotulia kama kioo mwezi Julai hapakwambii lolote kuhusu Januari. Tarehe 29 Oktoba 2018, dhoruba iliyotoka kusini ilibomoa ukuta wa mawimbi wa bandari ya yoti ya Rapallo, Italia, na boti nyingi zikatupwa ufukweni. Tena usidhani hatari husubiri baridi ianze: kimbunga Ianos kiliharibu boti visiwani Kefalonia, Ithaca na Zakynthos katikati ya Septemba 2020. Kwa upande ule wa Ugiriki, kupandisha boti nchi kavu mapema mwezi Septemba ni busara, wala si woga.

Sasa amua: majini au nchi kavu? Ushauri wetu kwa mwenye boti atakayekuwa mbali kwa zaidi ya mwezi mmoja ni nchi kavu, mradi yadi yenyewe, yaani uwanja wa kuwekea boti, iwe nzuri. Na hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu hukagua vyoo na mgahawa, wakasahau ardhi. Tembea ndani ya yadi siku moja baada ya mvua. Je, ardhi ni zege, kokoto zilizoshindiliwa, au udongo unaobonyea chini ya kiatu? Uzito wote wa boti unapaswa kukaa kwenye mkuku (uti wa chini wa boti), juu ya magogo mazito ya mbao. Nguzo za chuma za pembeni kazi yake ni kuizuia isilale ubavu tu. Udongo ukilainika, nguzo moja huzama kidogo, boti huanza kutikisika kwa upepo, na kila mtikisiko huilegeza nguzo inayofuata. Boti moja ikianguka huiangukia jirani, na jirani humwangukia wa pili. Kwa hiyo angalia jinsi wanavyofanya kazi: kwa boti ya mita 12, nguzo tatu kila upande ndicho kiwango cha chini, kila nguzo na mwenzake wa upande wa pili zimefungwa kwa mnyororo unaopita chini ya boti, na chini ya kila nguzo kuna kipande cha mbao nene. Ukiona maturubai yamefungwa kwenye nguzo, ujue hakuna msimamizi. Turubai likijaa upepo huing'oa nguzo mahali pake. Yadi bora hutumia fremu kamili ya chuma, na pia hukaza mikanda kutoka sitaha hadi kwenye nanga za zege zilizofukiwa ardhini.

Omba boti ikae omo (mbele) ikiwa juu kidogo ili maji yateremke tezi (nyuma). Matundu ya kutolea maji sehemu ya usukani huzibwa na majani, na pia na lile vumbi jekundu la Sahara ambalo Scirocco hulishusha pamoja na mvua kama tope. Yakiziba, maji hupanda hadi kizingiti cha mlango, huingia ndani, na mwezi Machi utakuta betri na injini zimeoga. Vua matanga yote, hasa lile la mbele linaloviringishwa: likifunguka usiku wa upepo linaweza kuiangusha boti kutoka kwenye nguzo zake.

Ukilazimika kubaki majini, chunguza kilicho chini zaidi ya kilicho juu. Marina nyingi za huku hufunga boti tezi ikielekea gati, na omo ikishikwa na kamba iliyounganishwa na mnyororo uliolala kwenye sakafu ya bahari. Uliza mnyororo huo ulikaguliwa na mpiga mbizi lini. Funga kamba mbili za omo badala ya moja, sogeza tezi mita mbili hivi kutoka gatini, na vika mpira au kipande cha bomba la zimamoto kila mahali kamba inaposugua. Jambo jingine lisiloonekana ni umeme. Boti zilizochomeka umeme wa gati huunganika kupitia waya wa ardhi, na zinki yako, kile kipande kinacholiwa na kutu badala ya vyuma vya boti, huanza kulinda vyuma vya jirani. Funga kizuizi cha galvaniki (kifaa kinachozuia mkondo huo mdogo kati ya boti), au chomoa kabisa waya wa umeme wa gati na uziache betri kwa paneli ya jua.

Sheria inaweza kukuchagulia nchi. Boti iliyosajiliwa nje ya Umoja wa Ulaya, mwenyewe akiwa mkazi wa nje pia, kwa kawaida huruhusiwa kukaa humo miezi 18 bila kulipa kodi ya uagizaji. Kabla miezi hiyo haijaisha, mwenyewe huipeleka Uturuki, Tunisia, Montenegro au Albania, kisha hurudi na kuanza hesabu upya. Tunza ushahidi: karatasi ya forodha yenye mhuri na risiti ya marina. Wewe mwenyewe una hesabu yako, siku 90 katika kila siku 180 za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao), na Kroatia imo tangu 2023. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huhitaji viza, kwa hiyo kazi ya kupaka rangi ya chini ipange ndani ya siku za viza hiyo.

Ndipo bei. Marina hupima urefu wote, kuanzia ncha ya nanga hadi vyuma vya kuning'inizia dingi (kiboti kidogo), hivyo boti ya mita 12 inaweza kulipia 13 na zaidi. Boti ya matumbo mawili hulipa nyongeza kubwa. Uliza kama bei ina kodi ya ongezeko la thamani ndani (kiwango cha kawaida Ugiriki ni 24%, Kroatia 25%, Malta 18%), na kama inajumuisha kupandisha, kuosha, nguzo, kushusha na umeme. Uliza pia kama unaruhusiwa kufanya kazi kwa mikono yako, kuleta fundi wa nje, na kulala ndani boti ikiwa nchi kavu. Yadi zinazokataza yote matatu huwa na bei ya chini, halafu hukusanya fedha kwa saa za mafundi wao.

Kabla ya kusaini, tuma mkataba kwa bima. Baadhi huitaka boti ikae kwenye fremu, au imefungwa kwa mikanda, au mlingoti umeshushwa, na wasipoyaona hayo hawalipi. Na kama utakuwa mbali, lipa mtu wa kuikagua, kwa makubaliano ya maandishi: kila baada ya upepo mkali, na walau mara moja kwa mwezi, akutumie picha za nguzo au kamba, ngama (chini ndani ya boti, maji yanapokusanyika), matundu ya maji na kipimo cha betri. Betri ya kawaida ya asidi ikishuka chini ya volti 12.4, aichaji siku hiyo hiyo.