Ncha ya sindano imenishinda, ninunue ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kujifunza elektroniki. Nina chuma cha kulehemu chenye kitufe cha kurekebisha joto, na kilikuja na ncha moja tu, nyembamba kama sindano. Kwenye miguu ya rezista inajitahidi. Nikifika kwenye waya mnene wa betri, au mguu wa kapasita uliounganishwa na ethi, lehemu inaganda nusunusu mpaka nipandishe joto hadi nyuzi 450 za Selsiasi. Sasa ncha imekuwa nyeusi, na lehemu haiishiki kabisa. Inajiviringisha na kudondoka. Nimeona seti ya ncha kumi. Niinunue? Na hii ya zamani niipige tupa irudi kung'aa?
– Msomaji anayeanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo tupa iache ilipo, nitakueleza sababu. Kwanza tumalize habari ya sindano, maana ndiyo inayowavunja moyo wengi kabla hawajafika mbali.

Anayeanza akiona vitu vidogo kwenye bodi hudhani ncha iliyochongoka ndiyo ya kazi safi. Lakini joto hupita pale chuma kinapogusana na chuma, na sindano hugusa mguu kwa nukta moja tu. Tena shingo yake ni nyembamba, kwa hiyo joto linalofika mwishoni ni kidogo, na ule waya wa betri unalinyonya lote mara moja. Mashine inaonyesha 450, ila pale kwenye nukta joto limeshashuka sana. Ndiyo maana unapandisha na bado lehemu inakugandia.

Nunua ncha ya patasi. Moja tu, yenye upana wa milimita 2.4 hivi, na fupi kuliko hiyo uliyonayo. Kama kazi zako nyingi ni za vitu vidogo sana, chukua ya 1.6. Kanuni ninayoifuata ni kwamba upana wa ncha ukaribiane na upana wa kile kiduara cha shaba unacholehemu, usikizidi.

Ukishaipata, jaribu hivi. Chukua bodi ya mazoezi yenye rezista moja. Lalisha ubapa wa patasi uguse mguu na kiduara cha shaba kwa pamoja. Gusisha lehemu kidogo tu pale ncha inapokutana na mguu; hilo tone ndilo linalobeba joto kwenda kote kuwili. Hesabu moja. Kisha lisha waya wa lehemu kutoka upande wa pili wa mguu, si juu ya ncha. Utaiona inalainika, inang'aa, halafu ghafla inatambaa kuuzunguka mguu wote na kutulia kama kilima chenye mbavu zilizobonyea kwa ndani. Ondoa waya, ndipo uondoe chuma. Yote hayo ni sekunde mbili au tatu. Mtu akishaiona lehemu inatambaa namna ile hata mara moja, haisahau.

Patasi hiyohiyo ukiisimamisha utumie kona yake, inaingia kwenye miguu ya aisi (IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi). Ukiilaza yote, inapasha waya mnene.

Joto nalo lishushe. Lehemu yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37 huyeyuka kwa nyuzi 183. Ile isiyo na risasi, ya bati, fedha na shaba, huanza kuyeyuka kwa 217. Kwa ya kwanza weka chuma kati ya 320 na 350. Kwa ya pili, 350 hadi 380. Ukiona hapo hapatoshi, badilisha ncha iwe pana zaidi kabla hujagusa kitufe. Nasema kwa uchungu: nilipokuwa najifunza, jirani alinikabidhi amplifaya yake, nami kwa ncha ya sindano na joto la juu nikabandua viduara vinne vya shaba. Gundi inayokishika kiduara hulegea ikichomwa muda mrefu. Niliunga kwa vipande vya waya, ikaimba tena, lakini mpaka leo bodi ile naikumbuka.

Sasa tupa. Ndani ya ncha ni shaba, inayopitisha joto vizuri, ila bati lililoyeyuka huila shaba. Kwa hiyo huvikwa ngozi nyembamba ya chuma. Ukipiga tupa umeichuna ngozi hiyo, na baada ya siku chache utaona shimo. Ncha za shaba tupu, zisizovikwa kitu, hizo ndizo zinazochongwa, na utazijua kwa rangi yake.

Yako huenda bado inaokoka. Iweke kwenye nyuzi 300, isugue ndani ya fundo la nyuzinyuzi za shaba nyeupe (brasi), papo hapo ilishe lehemu yenye fluksi ndani, yaani dawa inayosafisha chuma ili lehemu ishike, futa, rudia. Fanya hata mara kumi. Ikianza kushika kidoa kimoja, kidoa hicho kitapanuka. Ikiwa ina vishimo, itupe. Na fluksi ya mafundi bomba usiiguse kamwe, ina asidi inayokula ncha na bodi pia.

Seti ya ncha kumi sikushauri, nyingi zitakaa koponi. Baadaye, ukianza kulehemu aisi zenye miguu mingi iliyopangana, utaongeza ncha ya kwato, inayobeba tone la lehemu na kulipitisha mguu hadi mguu. Ya kisu nayo ina wapenzi wake.

Kabla hujalipa, hakikisha ncha inaingia kwenye chuma chako. Zile za 900M, za mashine kama Hakko 936, huvaa juu ya hita kama soksi, na ikipwaya, hewa iliyobaki katikati inazuia joto. Chomoa ya zamani ikiwa imepoa, pima kipenyo cha ndani, ulinganishe. Usiilazimishe kwa koleo. Hita ya kauri huvunjika.

Na kila unapomaliza kazi, usiifute ncha. Ipake lehemu nene, ndipo uzime.