Katuni za mitumba kwenye hewa ya pwani: zipi za kubaki nazo

Ndugu, umesema umenunua furushi la katuni za mitumba hapa Mombasa: nyembamba za Kimarekani, albamu mbili kubwa za Ubelgiji zenye jalada gumu, kitabu kimoja cha manga, yaani katuni za Kijapani, na nakala kadhaa za Shujaaz, katuni ya hapa Kenya. Unalalamika kwamba za Kimarekani hazina mwisho, manga haieleweki, na zote zinanuka koga. Unauliza ubaki na zipi. Mimi ningekagua karatasi kwanza, ndipo niihukumu hadithi.

Toleo la Kimarekani kwa kawaida lina kurasa 32 bila jalada, zimekunjwa na kubanwa kwa pini mbili mgongoni. Kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa 4, kwa hiyo ikichomoka moja unapoteza 2 upande wa mwanzo na 2 upande wa mwisho, na kisa kinakatika mahali pawili. Ya katikati ndiyo hulegea mapema. Hesabu zote, pamoja na zile za matangazo. Zikitimia, tazama namba iliyoko kwenye jalada: toleo la 37 ni kipande cha kisa kilichoanza zamani. Hadithi yenyewe huwa kurasa 20 au 22 hivi, na visa vingi hutandazwa katika matoleo 4 hadi 6. Kipande kama hicho kipime kwa uchoraji. Kipitie mara moja bila kusoma maneno kabisa, ukifuata visanduku tu. Ukijua nani yuko wapi, anamwendea nani na nani kakasirika, huyo mchoraji anaijua kazi yake. Ukipotea kila ukurasa, maneno mazuri hayatakiokoa.

Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na viputo vya maneno vivyo hivyo. Anza upande ambao kwa vitabu vyetu ni nyuma. Ila matoleo mengi ya zamani ya Kiingereza yaligeuzwa kama picha ya kwenye kioo, nayo husomwa kushoto kwenda kulia. Utayatambua kwa urahisi: karibu kila mtu anakula na kuandika kwa mkono wa kushoto, na vifungo vya mashati viko upande usio wake. Mimi sipendi matoleo hayo, maana mchoraji aliupanga mwendo wa jicho uende upande mmoja, na ukigeuza unaupoteza.

Albamu za Ubelgiji sina neno. Karatasi yake nzito huvumilia, na kila albamu mara nyingi ni kisa kizima. Fungua tu uone kama mgongo umeachana na jalada.

Sasa harufu, maana hapo ndipo Mombasa inapoua vitabu. Koga humea kwenye karatasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 na kukaa hapo siku kadhaa, na hapa kwetu mara nyingi tuko juu ya 70, masika zaidi. Chumvi ya bahari nayo huharakisha kutu ya pini. Usifute koga mbichi kwa kitambaa, utaisugua iingie ndani ya karatasi. Tenga vitabu vyenye madoa, visimamishe vikiwa wazi kidogo kivulini, feni ikipuliza upande wa pili wa chumba, mpaka koga iwe unga mkavu. Ndipo uvae barakoa na uipanguse nje kwa brashi laini. Juani usivianike: wino wa njano na mwekundu hupauka mapema, bluu na mweusi hubaki, na nyuso za watu zinakuwa za maiti.

Pini yenye kutu itoe. Inua miguu yake kwa ncha ya kisu butu ukiwa ukurasa wa katikati, kisha isukume itokee mgongoni. Chombo cha kung'olea pini usikitumie, kinararua. Shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale, fundo libaki ndani. Lakini kama ni nakala unayotaka kuwauzia wakusanyaji, iache kama ilivyo, kwa sababu kubadilisha pini hushusha bei.

Kwa kuhifadhi, toleo la Kimarekani lina upana wa sentimita 17 na urefu wa 26, kwa hiyo linaingia kwenye mfuko wa plastiki wa A4 wa faili. Chagua wenye alama ya PP au namba 5. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu ni PVC, nayo hung'ang'ania wino. Usiufunge kwa selotepu, siku ya kufungua itavuta jalada. Panga kwenye sanduku lenye mfuniko wa kubana. La lita 20 litie gramu 200 za silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, uzikaushe upya kwenye oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa 2 kila zikibadilika rangi. Mchele usitumie, unaita wadudu. Na kama unakaa nyumba ya mawe Mji wa Kale, ukuta wa matumbawe hunyonya maji. Sanduku lisiuguse, liinue sakafuni pia.

Za kuokoa kwanza ni Shujaaz. Zilianza 2010, zikigawiwa bure pamoja na gazeti, kwenye karatasi nyepesi ambayo haikukusudiwa kudumu. Na kitu cha bure watu hufungia maandazi. Albamu na manga baki nazo. Za Kimarekani, baki na zile ulizoweza kuzifuata bila maneno, utafute matoleo yaliyo kabla na baada. Iliyokosa karatasi ya katikati ifanye ya kujifunzia kushona, kabla hujagusa nyingine.