Rimu za Land Cruiser kwenye Patrol

SWALI: Fundi, rimu za Nissan Patrol yangu ya 1994 zimeliwa na kutu. Jirani ananiuzia za Land Cruiser 80, nazo zina matundu sita kama zangu. Ninunue?

JIBU: Usitoe hela bado, ndugu yangu. Matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, hapo kweli zinafanana. Kasheshe iko katikati. Haba ya Patrol yako, kile kitovu cha gurudumu ambacho rimu inavaa, ina upana wa milimita 110 hivi, tundu la katikati la rimu ya Toyota ni 106 tu. Rimu itagota kabla ya kukaa. Yalinikuta: nusu siku nzima nasugua kutu kwa msasa, kumbe kutu haina kosa! Wapo wanaokereza tundu lipanuke. Kwa rimu ya chuma, fundi makini ataweza. Kwa kazi ya mtaani ya tupa na grainda, mimi simo.

Nati pia usiazime. Za Toyota ni 12 kwa 1.5 (unene wa milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), stadi zako, yaani bolti zinazoshika rimu, ni 12 kwa 1.25, ukilazimisha, uzi unakwisha.

Tafuta rimu za Patrol mwenzake. Ukishafunga, kata usukani mpaka mwisho kila upande uone kama tairi linagusa popote.