Mtungi wa kilo 6 au wa kilo 15?

Dada, umeuliza ni mtungi gani wa gesi unaoifaa familia ya watu watano hapo Dar es Salaam, ambayo hupika maharage karibu kila siku. Ushauri wangu ni kilo 15. Jiko moja kubwa likiwaka kwa moto mkali hutumia takribani gramu 200 za gesi kwa saa, hivyo kilo 6 hutosha saa 30 hivi na kilo 15 saa 75. Ukipika saa tatu kwa siku, mtungi mdogo utakwisha baada ya siku kumi, ilhali ule mkubwa utakaribia mwezi. Ukiloweka maharage usiku kucha, utaokoa gesi nyingi zaidi.

Kilo 6 humfaa anayeishi peke yake, au huwa akiba gesi inapoisha jioni chakula kikiwa jikoni. Zingatia pia kwamba mtungi wa kilo 15 uliojaa hukaribia kilo 30 kwa jumla, jambo zito kwa mtu wa ghorofa ya tatu, na kwamba unahitaji regulata (kifaa cha kudhibiti msukumo wa gesi) na mpira mzuri wa kupitisha gesi.

Tafadhali, usikubali mtungi usiopimwa mbele yako: soma uzito wa mtungi mtupu uliochapwa juu yake, kisha uutoe kwenye uzito unaoonyeshwa na mizani. Mtungi uusimamishe wima mahali penye hewa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.