Maswali na majibu: Kichwa cha treni kinachechemea kikienda polepole

SWALI: Fundi, salamu kutoka Tororo. Ninafundisha fizikia, na pamoja na wanafunzi wa klabu ya sayansi tunajenga mfano wa stesheni yetu juu ya meza, na mwamba wa Tororo nyuma yake. Kichwa cha treni ni cha dizeli, kipimo cha 1 kwa 76, ekseli nne, zote zinazungushwa na mota moja iliyo katikati. Nilipewa na binamu yangu aliyekuwa akiishi Uingereza. Ni cha miaka ya 1990 na kilikaa muda mrefu ndani ya boksi. Kikienda kasi ni kizuri, ila kina kelele kidogo. Kikienda polepole kinachechemea: kinakwenda, kinasita, kinakwenda, kinasita, popote kilipo mezani. Mwanzoni taa za mbele ziliwaka zikiwa zimetulia. Nikasugua reli kwa msasa, nikatia mafuta ya cherehani kwenye gia na kwenye mota. Sasa kinachechemea vilevile, na taa nazo zinawaka na kuzima. Umeme ukikatika tunatumia inveta ya sola. Nataka kuagiza mota nyingine. Je, ni sawa? Pia kuna mtu ametuambia reli zetu si za upana wa reli ya Tororo. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, salamu kwako na kwa wanafunzi wako. Mota usiagize. Una hitilafu mbili zisizohusiana, na ya pili imekuja baada ya msasa na mafuta. Tuanze na ile ya kwanza, kwa sababu umenipa dalili yake bila kujua: mwanzoni kichwa kilisita, lakini taa zilitulia.

Taa na mota vinakula umeme mmoja, unaotoka kwenye reli, unapita kwenye magurudumu na kuingia kwenye vibati vya shaba vinavyogusa migongo ya magurudumu hayo. Kama kusita kungetokana na uchafu wa reli au kibati kilicholegea, taa zingezima kila mara kichwa kinaposita. Hazikuzima. Umeme ulifika, mota iliupata, kisha kitu kikaizuia kuzunguka. Hilo ni tatizo la gia. Na kwa kuwa kinasita popote mezani, si pale pale kila mara, reli zenyewe na viungo vyake havina kosa.

Sasa tujue ni gia ipi, na hapa fizikia yako itakusaidia kuliko bisibisi. Pima kipenyo cha gurudumu kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na vipenyo. Tuseme ni milimita 14. Zidisha kwa 3.14, utapata mzingo wa milimita 44 hivi. Tandika ukanda wa karatasi kando ya reli, endesha kichwa polepole iwezekanavyo, na mwanafunzi mmoja aweke alama ya penseli kila kinaposita. Kisha pimeni nafasi kati ya alama.

Kama alama zinaachana kwa milimita 44, kosa linajirudia mara moja kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo liko kwenye ekseli: ama gia iliyobanwa juu yake, ama gurudumu lililopinda. Kama nafasi ni nyingine, angalia gia ya kati inayopeleka mwendo kwenye ekseli. Hesabu meno: gia ya kati ikiwa na meno 18 na ya ekseli 12, ile ya kati inamaliza mzunguko mmoja gurudumu linapomaliza mmoja na nusu, yaani kila milimita 66. Mota yenyewe huzunguka mara nyingi zaidi. Ikizunguka mara 15 kwa kila mzunguko wa gurudumu, kosa lake lingejirudia kila milimita 3. Hapo kichwa kingetetemeka, kisingechechemea. Ndiyo maana nakuzuia kutoa pesa kwa ajili ya mota kabla hujashika penseli.

Ninavyoisoma barua yako, mtapata milimita 44 au karibu yake. Vichwa vingi vya miaka hiyo vina gia za plastiki zilizosukumwa kwa nguvu juu ya ekseli ya chuma. Plastiki hiyo inakaa imevutwa tangu siku ilipotoka kiwandani. Miaka ikipita inanywea kidogo, chuma hakinywei, na mwisho inapasuka. Ufa hutokea kwenye bonde kati ya meno mawili, maana hapo ndipo pembamba. Bonde linapanuka, na kila likifika kwenye gia ya jirani meno hayakai mahali pake, yanakwama kisha yanaruka. Umeshaendesha baiskeli ambayo jino moja la mbele limepinda? Kila pedali ikizunguka, mnyororo unagonga mara moja mahali pale pale. Kasi ikiongezeka uzito wa kichwa na mwendo wake vinalivusha lile bonde, ndiyo maana ukikimbiza unasikia kelele tu.

Kuuona ufa inataka subira. Toa bodi, ondoa vigari viwili vya chini vyenye ekseli mbili mbili, fungua kifuniko cha plastiki chini ya kila kigari, na ekseli zitainuka. Kabla hujainua chochote, piga picha kwa simu na uweke alama ya wino kwenye magurudumu ya upande mmoja. Katika vichwa vingi vya namna hii gurudumu moja kwenye ekseli limetengwa na umeme. Ukirudisha ekseli moja kinyume utapata shoti mara moja. Osha gia kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kausha, halafu zishike kwenye mwanga mkali mbele ya kioo cha kukuza. Ufa mwingine ni mwembamba kama unywele. Usipouona, zungusha gia kwa vidole huku umeshika gurudumu: gia iliyopasuka mara nyingi huteleza juu ya ekseli.

Usiigundishe kwa gundi. Plastiki ya gia nyingi ni ya kuteleza, gundi haishiki, na ikibaki kwenye bonde inaongeza tatizo lile lile. Dawa ni gia mpya. Muuza vipuri mtakayemwandikia atataka idadi ya meno, kipenyo cha nje, upana wa gia na unene wa ekseli. Fundi wa Katwe, Kampala, mwenye mashine ndogo ya kukata gia naye anaweza kukutengenezea ya shaba ukimpelekea ya zamani kama sampuli, mradi uhakikishe haiunganishi umeme wa gurudumu la kushoto na la kulia. Ukiibana gia mpya, rudisha nafasi kati ya migongo ya magurudumu iwe kama milimita 14.4; ikipungua au kuzidi, kichwa kitaruka kwenye njia panda za reli.

Na kama siku ya maonyesho iko karibu? Toa gia mbovu kabisa na urudishe ekseli bila gia. Kwa mpangilio wa kawaida, gia za kati zinaendelea kuzungusha ekseli nyingine tatu. Kitavuta mabehewa machache zaidi, lakini kitatembea kwa ulaini.

Hitilafu ya pili sasa. Msasa umeacha mikwaruzo kwenye reli, na mafuta yametapakaa hadi kwenye magurudumu. Mikwaruzo inashika uchafu, mafuta yanashika vumbi, na Tororo ni mji wa saruji, vumbi halikosekani. Futa reli kwa kitambaa chenye alkoholi ya aisopropili. Angalia spiriti ya duka la dawa: nyingine huchanganywa na mafuta ya nyonyo, na huacha utando. Dondoshea tone kwenye kioo, likauke, ukiona doa usiitumie. Baadaye sugua reli kwa upande laini wa washa (ile pete bapa ya kuwekea chini ya nati) ya chuma cha pua ili kulainisha mikwaruzo. Magurudumu pia yasafishwe, pamoja na migongo yake pale vibati vinapogusa. Kibati kikiwa hakigusi, kipinde kidogo sana. Kikibana sana kinakuwa breki.

Mota usiifungue, isafishe tu. Pamba yenye alkoholi ipite kwenye komyuteta, yaani ile pete ya shaba inayoguswa na brashi za kaboni, na mianya yake uichokoe kwa kijiti cha meno. Mafuta yakiingia hapo yanachanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope linalopitisha umeme. Mota inapata joto na nguvu inapungua. Subiri alkoholi ikauke kabisa kabla ya kuwasha, kwa sababu brashi hutoa cheche na alkoholi inashika moto. Safari hii mafuta ni tone la ncha ya sindano kwenye kila beringi ya mota, na grisi isiyodhuru plastiki kidogo kwenye gia. Magurudumu yenye mipira ya kushika reli yaangalie vizuri: mpira ulionyonya mafuta huvimba na kulegea, uubadilishe.

Kuhusu inveta: zile za bei nafuu hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na kidhibiti cha zamani chenye transfoma, yaani kile kiboksi cha kurekebisha kasi ya treni, huvuma na kupata joto kikitumia umeme huo. Ukisikia uvumo huo, zima. Kwa majaribio, unganisha betri ya volti 9 moja kwa moja na reli. Kichwa kikichechemea hata hapo, kidhibiti hakina kosa.

Na huyo aliyewaambia habari ya upana wa reli amesema kweli. Reli ya Tororo, kama njia yote ya zamani kutoka Mombasa, ina upana wa milimita 1,000. Kwa kipimo chenu ingekuwa kama milimita 13, na zenu ni 16.5. Hata kwa Uingereza hazilingani, kwa sababu milimita 16.5 ni upana wa reli ya milimita 1,435 kwa kipimo cha 1 kwa 87. Waingereza walitumia reli hizo hizo lakini wakakuza bodi hadi 1 kwa 76, maana vichwa vyao ni vidogo na mota za wakati ule hazikuenea ndani. Mkitaka Tororo ya kweli, tafuteni reli za milimita 12 zinazotumika na mifano ya 1 kwa 87. Milimita 1,000 ukiigawa kwa 87 unapata 11.5, tofauti isiyoonekana kwa macho. Lakini msizing'oe hizi. Mkataba wa kujenga reli ya milimita 1,435 kutoka Malaba hadi Kampala ulitiwa saini mwaka 2024, kwa hiyo mnaweza kuziacha ziwe njia mpya na kuitandika ile nyembamba kando yake.