Mkuu, usilipie hiyo flashi kabla hujaona dakika

Simama hapo hapo. Umeuliza uanze na filamu zipi za uhalifu za miaka ya 1940 na 1950, zipi utatazama na mzee wako, na kama flashi ya filamu 60 kwa bei hiyo inafaa. Haifai! Hakuna dakika za filamu hata moja kwenye orodha uliyoweka, na hapo ndipo watu wanaliwa hela.

Chukua The Third Man ya 1949. Uingereza ilitoka ikiwa na dakika 104. Marekani, mtayarishaji David O. Selznick akaifyeka ikabaki 93. Hata msimulizi wa mwanzo alibadilishwa: kwa Waingereza ni sauti ya mwongozaji Carol Reed mwenyewe, kwa Wamarekani ni Joseph Cotten, mwigizaji mkuu. Ukimsikia Cotten anafungua, ujue umeuziwa pungufu. Muuzaji atakuapia "ni ile ile bosi, HD orijino". Hawa jamaa wanaandika HD hata kwenye kanda iliyotafunwa na panya.

Lakini usije ukaanzisha ugomvi dukani ukikuta dakika 100. DVD za PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu na Uingereza, hupitisha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema. Hakijakatwa kitu, mwendo tu umeongezeka, na mara nyingi sauti hupanda kidogo. Dakika za asili zidisha kwa 24, gawa kwa 25. Mnaocheka kikokotoo changu nawaona, endeleeni.

Touch of Evil ya mwongozaji Orson Welles ndiyo balaa lenyewe, maana ina matoleo matatu. Iliyoingia kumbi za sinema 1958 ina kama dakika 95, ya majaribio, ya kupima watazamaji kabla haijatoka, 108, na ya 1998 ina 111. Hiyo ya 1998 mhariri Walter Murch aliihariri kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ambao Welles aliwaandikia studio. Na PAL inaivuruga zaidi: 111 inashuka hadi karibu 107, unadhani umepewa ya majaribio. Kwa hiyo tazama mwanzo. Bomu linawekwa kwenye buti la gari, kamera inalifuata gari zaidi ya dakika tatu bila kukata. Majina yakipita juu ya picha huku muziki wa Henry Mancini ukirindima, hiyo si ya 1998. Ya Murch unasikia mtaa wenyewe: muziki wa mabaa, redio ya gari.

Umbo la picha nalo. Kabla ya 1953 filamu karibu zote zilikuwa 1.37 kwa 1, karibu mraba. Ikijaza TV yako pana, ama vichwa vimekatwa ama picha imevutwa. Kwenye The Third Man subiri lile gurudumu kubwa la bembea pale Vienna: likiwa kama yai, mrudishie flashi yake.

La mzee nilishalisahau. Double Indemnity, 1944, dakika 107. Kwa PAL, 103.